Kula, Kura, Lala

Hakuna aliyeniomba niandike haya. Naandika kwa sababu nikingoja kuombwa, mtaandika nyinyi vijana mliobaki kwenye kile chumba, na mtasema tu kwamba kulikuwa na mzee mmoja wa Lurambi aliyekuwa akitengeneza feni. Feni nilitengeneza, sikatai. Lakini pia nimetazama galaksi nyingi kuliko mtu yeyote kati ya Mumias na Likuyani, na kama kuna anayebisha, alete macho yake tuyapime.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Cheo kilichoandikwa mlangoni hakikuwahi kueleza nilichokuwa nikifanya, na mshahara ndio kabisa.

Nilisoma hadi darasa la saba. Baba alikuwa mkata miwa, na miwa haimngoji mtoto amalize shule. Nikaingia kiwanda cha jagari, vile viwanda vidogo vya mabati vinavyopika sukari ya rangi ya udongo, nikawa mtu wa tanuri. Kazi yangu ilikuwa kulisha moto kwa makapi ya miwa. Hapo ndipo nilipoujua moto. Makapi mabichi hutoa moshi na masizi mpaka unatema mate meusi. Makapi makavu, moto ukiwa mkali kweli, huwaka safi, na juu ya dohani huoni kitu. Shikeni hilo la masizi, tutalirudia.

Siku moja mota ya kinu iliungua, na fundi aliyesomea chuo cha ufundi cha Sigalagala akachelewa kuja. Nikaifungua mwenyewe, nikaisuka waya upya, ikazunguka. Tangu hapo nikaitwa Fundi. Ni kweli mara ya kwanza ilizunguka kinyumenyume, lakini ilizunguka.

Kwa jina hilo nikaitwa chuo kikuu pale Kakamega kutengeneza mashine ya kupoza hewa. Chumba kilikuwa juu kabisa, chini ya mabati, na ndani yake mlikuwa na kompyuta mbili, pazia zito, na mama mmoja mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Huyo alikuwa Daktari Muhonja, msomi wa nyota, ambaye baadaye alinifundisha karibu kila nilicho nacho. Kile kingine nilikuja nacho.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mwenyewe."

"Hii mashine ikizima tena, joto litapika kompyuta na kazi yangu yote."

Nikapanda ngazi. Nikiwa huko juu, bisibisi mdomoni, nikaona kioo cha kompyuta yake. Palikuwa na picha mbili za sehemu ileile ya mbingu. Ya kushoto ilikuwa nyeusi tupu. Ya kulia ilikuwa nyeusi vilevile, ila katikati palikuwa na doa jekundu kama kaa la moto.

"Daktari," nikasema, "hapo kuna kitu kinaungua na kimefunikwa."

"Umejuaje kwamba kimefunikwa?"

"Picha ya kushoto haikioni. Tanuri likifungwa mlango huoni moto, lakini ukipitisha mkono karibu na ukuta unajua uko ndani."

Alivua ile miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, akanitazama. "Shuka," akasema. Nikadhani nimefukuzwa. Kumbe alitaka nikae kitini.

Alichonieleza siku hiyo nawaeleza vilevile, maana sijaona kilichoelezwa vizuri zaidi. Katikati ya kila galaksi kubwa kuna shimo jeusi. Mengi ya mashimo hayo yamelala. Machache yanakula. Gesi na vumbi huvutwa, huzungukazunguka kabla ya kumezwa, na katika kuzunguka huko hupata joto lisiloelezeka. Galaksi ya namna hiyo huitwa galaksi hai. Ikila kwa pupa hadi mng'ao wa katikati ukazishinda nyota zake zote, huitwa kwasa. Shida ni kwamba walaji wengi wamejificha nyuma ya vumbi zito, na mwanga wa kawaida haupenyi. Lakini vumbi lenyewe hupata joto, nalo hutoa miale ya infraredi, ambayo ni mwanga wa joto usioonekana kwa macho. Ukiweza kuona miale hiyo, umemkuta mlaji mezani.

Nikamuuliza kwa nini wanatuma darubini angani badala ya kuiweka juu ya kilima hapa. Akasema hewa yetu huizuia sehemu kubwa ya miale hiyo, tena hewa yenyewe ina joto, kwa hiyo nayo inang'aa. Darubini lazima iwe nje ya hewa, ikae gizani, iwe baridi kuliko kitu chochote mnachokijua. Nikamwambia nimeelewa: huwezi kupima uvuguvugu wa uji kwa kidole ulichokitoa motoni. Akaandika maneno hayo mkononi mwake kwa kalamu. Mara nyingi nimesikia akiyatumia darasani. Hajawahi kunitaja, nami sijadai.

Picha zenyewe hufika kwa mtandao. Darubini ikishamaliza zamu yake, picha hufunguliwa kwa dunia nzima, nazo ziliingia Kakamega bila viza. Kompyuta ilizichuja kwanza kwa hesabu za rangi, ikachagua zile zilizoonekana kuwa na vumbi la moto. Lakini kompyuta wakati huo ilikuwa mjinga. Ilichagua nyota zilizo karibu, ilichagua galaksi mbili zilizokaliana, ilichagua hata mikwaruzo. Ndipo yakahitajika macho, na Daktari, baada ya kunijaribu kwa picha ambazo majibu yake alikwisha kuyajua, akaamua macho yatakuwa yangu. Nilifaulu. Sijawahi kufaulu mtihani mwingine, lakini huo niliufaulu vizuri.

Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba mtazamaji asiondoe macho kwenye kioo. "Jicho likitoka, likirudi linaanza upya," alizoea kusema. Kwa hiyo tulifanya kazi watu wawili. Mimi nilitazama na kutamka, na mwenzangu akaandika kwenye kompyuta ya pili, akiwa amenipa mgongo. Maneno yalikuwa matatu. Galaksi ambayo shimo lake limenyamaza: lala. Inayokula: kula. Yenye mashaka, ambayo lazima sote watatu, mimi, mwenzangu na Daktari, tukae tuipigie kura: kura.

Najua mmeanza kucheka. Ngojeni.

Mwandishi wangu alikuwa Jentrix, mama wa Butere mwenye vidole vya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Alikuwa amefanya kazi ya kupiga chapa mjini kabla ya kuja kwetu, na aliweza kuandika huku akizungumza habari nyingine kabisa. Tulikaa hivyo miezi mingi: mimi nikisema lala, lala, kula, lala, kura, naye akigonga. Kutoka nje mtu angedhani tunamchekesha mtoto.

Halafu likaja jambo kubwa. Darubini mpya ya infraredi ilikuwa angani, ile yenye uwezo wa kuichanua miale ya galaksi moja na kuonyesha kilichomo ndani yake. Kupata saa za kuitumia ni kama kupata kiti mbele harusini: dunia nzima inaomba. Daktari Muhonja aliandaa ombi. Moyo wa ombi ulikuwa orodha yetu, yaani walaji waliojificha ambao hakuna mtu aliyewahi kuwathibitisha. Orodha ikiwa safi, tunapewa saa. Ikiwa na uchafu, wakaguzi wa huko wataunusa mara moja, ombi linatupwa, na chumba chetu, ambacho idara nyingine ilikuwa ikikimezea mate kwa sababu ya ile mashine ya kupoza hewa, kinafungwa. Hivyo ndivyo alivyotuambia, bila kupaza sauti. Yeye hapazi sauti.

Wiki ileile ya kutuma, asubuhi, akawa anapitia orodha. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Fundi, hii ulisema inakula?"

Nikaitazama. Ilikuwa galaksi ya kawaida, jirani, mviringo, haina habari yoyote ya kutisha. "Hapana. Hii nilisema kura."

"Jentrix ameandika kula."

"Nimeandika alichosema," Jentrix akajibu bila kugeuka. "Alisema kula."

"Nilisema kura."

"Si umesema tena! Daktari, umesikia? Amesema kula."

"Kura, Jentrix! Ya kupiga!"

"Ya kupiga ama ya kumeza? Wewe husemanga zote sawa. Hata ukiagiza chakula pale kantini wanataka kukuuliza kituo chako cha kupigia ni kipi."

"Mimi natoka Lurambi. Mtu ambaye jina la kwao lina L na R zote mbili atazichanganyaje?"

"Umesema Rulambi."

Daktari hakucheka. Alifungua nyingine, na nyingine. Galaksi zenye mashaka zilikuwa zimejaa kwenye orodha ya walaji, na walaji wazuri, walaji wanono, walikuwa wamesukumwa kando wakingoja kupigiwa kura. Si zote. Hapo ndipo palipokuwa pabaya. Zingekuwa zimegeuzwa zote, ungezigeuza tena basi. Lakini nyingine Jentrix alizisikia sawa na nyingine alizisikia vibaya, na hakuna mtu aliyeweza kujua ipi ni ipi. Nchi hii sisi si wa kwanza kuchanganya kula na kura, lakini wengine huwa hawaharibu ombi la darubini.

Kwa kumbukumbu, msimamo wangu haujabadilika. Lilikuwa sikio lake.

"Tunarudia," akasema Daktari. "Zote. Lakini si kwa maneno haya. Nataka maneno yasiyo na L wala R."

Tukaanza kutafuta. Ni vigumu kuliko mnavyodhani, jaribuni. Jentrix akataja kadhaa, na kila moja lilipopita mdomoni mwangu likatoka na herufi ambayo hakuiweka. Mwishowe nikasema, "Obusuma."

"Ugali?" akauliza Daktari.

"Palipo na obusuma pana kula. Na haina L wala R."

"Na ya mashaka?"

"Ingokho."

Hapo hata Daktari alielewa bila kuelezwa, lakini kati yenu wako waliotoka mbali, basi nitaeleza. Ingokho ni kuku, na kwetu kuku ndiye huleta mashauri mezani. Kila kipande kina mwenyewe. Firigisi, ambayo nyumbani tunaita imondo, ni ya mwenye mji, na mwanamke aliyelelewa vizuri hata haiangalii. Ndoa zimetikisika kwa sababu mtu alikuta firigisi haipo. Kwa hiyo kitu chenye mashaka, kinachohitaji watu wakae waamue, jina lake ni ingokho. Lala tuliiacha ilivyo. Hata ukisema rara, imelala.

Tukaanza upya. Stima ilipotea siku ya pili, na kama si mimi kuifufua jenereta ya jengo kwa kipande cha waya na matusi machache, msingekuwa na chumba cha kukalia leo. Hilo liandikwe. Safari hii Daktari aliamuru Jentrix ageuze kiti aione kila picha kabla ya kuandika, na hapo nikagundua kwamba huyu mama alikuwa na macho. Si kama yangu, lakini macho.

Tukafika kwenye moja iliyokuwa nyekundu kupindukia. Kwenye picha ya mwanga wa kawaida hapakuwa na kitu kabisa. Kwenye infraredi iliwaka kama mdomo wa tanuri. Katika miaka yote sijaona nzuri kama ile.

"Obusuma!" nikasema.

Sikusikia kugonga. "Fundi, hiyo ni ingokho," Jentrix akasema.

"Obusuma."

"Angalia pembeni. Moto wa kula hukaa kama nukta. Huu umetapakaa kidogo, kama uji ulioanza kuchemkia nje."

"Ni kioo kichafu."

"Nimekifuta sasa hivi, na kitambaa chako."

Tukamwita Daktari apige kura ya tatu. Alisimama nyuma yetu muda mrefu, akibadilisha miwani. Rangi zake kwa hesabu zilikuwa upande wangu. Ule mtapakao ulikuwa mdogo, ungeweza kuwa chochote. "Obusuma," akasema mwishowe. Na si hivyo tu, aliiweka ya kwanza kwenye orodha, iwe ndiyo uso wa ombi letu.

"Sawa," akasema Jentrix. "Mmenishinda kwa wingi. Lakini ikirudi kutoka huko imekuwa ingokho?"

Nikageuka. Ni mara yangu pekee kuvunja kanuni ya jicho. "Ikirudi ingokho," nikasema, "siku nitakayoacha kazi hii, kuku atachinjwa nyumbani kwangu, na firigisi utakula wewe."

Daktari Muhonja akavua miwani zote mbili.

"Fundi," akasema, "kuwa mwangalifu."

"Nimesema."

Ombi likaenda. Ilichukua muda, lakini saa tulipewa, chache, za kutosha. Galaksi moja moja darubini ikazielekea, na majibu yakaanza kuingia. Majibu ya darubini ile si picha, ni mstari wenye vilima na mabonde, na kila kilima ni alama ya kitu fulani. Daktari alitufundisha kusoma viwili. Kuna kilima chembamba cha gesi ya neoni iliyochunwa elektroni zake vibaya sana. Hicho hutokea tu penye shimo linalokula, maana nyota hazina ukali huo. Na kuna vilima vipana vya masizi. Ndiyo, masizi, chembe za moshi kama za dohani, zilizotapakaa kati ya nyota. Hivyo huonekana pale ambapo nyota changa zinazaliwa kwa wingi na kuyapasha moto vumbi na masizi ya huko.

Galaksi baada ya galaksi, neoni ilisimama wima. Walaji. Nyingi zilikuwa kwasa zilizojifunika gubigubi. Idara ile nyingine ikatafuta mashine ya kupoza hewa kwingine.

Ya kwanza kwenye orodha ilifika karibu ya mwisho. Daktari alifungua mstari, nasi tukiwa nyuma yake. Vilima vipana vya masizi vilijipanga kama milima ya Nandi ukiitazama kutoka huku. Pale pa neoni palikuwa tambarare.

Kisha Daktari, bila kugeuka: "Fundi, kule kwenye jagari, masizi yalitoka lini?"

"Makapi yakiwa mabichi."

"Na moto ukiwa mkali kweli?"

"Hakuna masizi. Yanaungua yote."

"Ndivyo hivyo hata huko. Karibu na shimo linalokula, masizi hayadumu."

Galaksi ile ilikuwa inazaa nyota tu, mamilioni kwa mamilioni, nyuma ya vumbi. Ni jambo zuri, na Daktari aliliandikia makala yake peke yake. Lakini haikuwa ikila. Siwezi kusema nilikosea. Galaksi ndiyo ilijifanya. Hata hivyo, kwa nyinyi mnaobaki, ushauri ni huu: msiipende picha. Ukishaipenda, unaacha kuitazama. Na msitazame galaksi mara baada ya obusuma halisi, maana hapo zote zitakuwa lala.

Siku hizi kompyuta imejifunza. Ilifundishwa kwa majibu yetu, na ndiyo sababu ikichambua galaksi inaandika O, I na L. Wageni wanaotutembelea huuliza maana yake. Nasikia kuna kijana ng'ambo huko ambaye akiona kwasa hupiga kelele obusuma, na hajawahi kuonja. Mimi nilipoona macho ya kompyuta yanatosha, mkataba wangu ulipokwisha sikuomba mwingine. Nywele zangu bado nyeusi, na kuna mahindi Likuyani yanayotaka msimamizi.

Jumamosi ya kuaga nilifanya chakula nyumbani. Daktari alikuja, Jentrix alikuja, wazee wa ukoo walikuja bila kualikwa, kama ilivyo haki yao. Kuku akaletwa. Mke wangu, Mama Edith, ambaye nilimficha habari hii kwa sababu nampenda, akaweka sahani mbele yangu, na firigisi juu yake, kama alivyofanya tangu tuoane.

Jentrix alikuwa upande wa pili wa meza. Hakuniangalia. Angeweza kunikumbusha, na mdomo mnaujua, lakini alikuwa akimega obusuma polepole kama mtu aliye kanisani. Nadhani alikuwa ameamua kunisamehe. Hilo ndilo lililonishinda.

Nikasimama na sahani, nikazunguka meza, nikaiweka firigisi kwenye sahani yake.

Baba mdogo, aliye mkubwa kuliko wote, akaweka tonge lake chini. "Fanuel, kwani huyu mama amefanya nini?"

"Aliona masizi, mzee."

"Masizi ya wapi?"

"Mbali."

Mzee akamtazama Jentrix, akanitazama mimi, akatazama dari. Mama Edith alikuwa amesimama mlangoni na bakuli, na uso ambao nilijua ningeujibu baadaye. Jentrix akaichukua firigisi kwa vidole viwili, akaitafuna bila haraka mpaka ikaisha, akajifuta.

"Fundi," akasema, "kura imekula kwako."

Alilitamka taratibu, R na L kila moja mahali pake, na hata mimi nikasikia.